Chumvi ya mawe ya Bagamoyo kwa kazi ya ng'onda: gunia lipi linafaa, na wekundu unatoka wapi

Chumvi ya mawe inayovunwa kwenye majaruba ya Bagamoyo ni chumvi nzuri ya kutengenezea ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, ila si kila gunia. Gunia lililotoka shambani juzi, punje zikiwa bado zinateleza kwa maji, hutoa samaki mgumu juu na mbichi ndani, mwenye uchungu mdomoni, anayetoa jasho kila usiku, na ambaye akikaa stoo wiki moja au mbili anaota utando mwekundu unaonuka. Hapo lawama humwangukia mvuvi (samaki alilala), mpasuaji (hakutoa damu vizuri) au jua. Wote hao huenda wana makosa yao, lakini wekundu wenyewe mara nyingi uliingia na chumvi.

Chumvi tunazozilinganisha hapa ni tatu, zile ambazo mtu wa ng'onda anazipata bila taabu. Ya kwanza ni chumvi mbichi ya msimu, inayouzwa kwa gunia moja kwa moja kutoka shambani, haijaoshwa. Ya pili ni chumvi ya mawe iliyooshwa na kulazwa lundo kwa miezi. Ya tatu ni chumvi laini ya pakiti yenye madini joto. Tunaichagua ya pili bila kusita. Ya kwanza inafaa ikifanyiwa kazi kabla ya kumgusa samaki. Ya tatu ni safi kuliko zote, lakini ikiwa peke yake haifai kwa samaki mnene, na sababu zake zinakuja chini.

Kinachoishi ndani ya jaruba

Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali katika kila lita. Majaruba yako kwenye tambarare zilizo nyuma ya mikoko. Maji huingizwa wakati wa bamvua, yakafungiwa, kisha yakahamishwa jaruba hadi jaruba yakizidi kukolea. Chokaa huanguka kwanza. Maji yakifika digrii 13 hivi za Baumé (kipimo cha ukolezi wa maji, kinachosomwa kwa hidromita), jasi huanza kuganda. Chumvi yenyewe husubiri mpaka ujazo wa maji upungue hadi karibu sehemu ya kumi, kwenye digrii 25 na nusu au 26. Kuanzia digrii 29 au 30 maji yaliyobaki yamejaa chumvi za magnesiamu, na mkulima makini huyafungulia yakaondoka. Hayo ndiyo maji machungu. Asiye na hidromita, au mwenye mteja anayemsubiri na lori, huvuna chumvi ikiwa bado imelowa ndani yake. Karibu kila kasoro ya chumvi mbichi tutakayoitaja inaanzia hapo.

Jaruba si maji matupu. Katika madimbwi ya mwanzo bado wamo vidagaa na kamba wadogo walioingia na bamvua. Maji yakikolea zaidi wao hufa au hutolewa, na sakafu hufunikwa na zulia la bakteria wa kijani-buluu ambalo, kwa bahati njema, huziba udongo maji yasivuje. Baadaye hutawala Dunaliella salina, mwani wa seli moja unaojaza karotini mwilini mpaka maji yageuke rangi ya chungwa. Chumvi ikipita asilimia 20 huja wekundu wenyewe: Halobacterium salinarum, jamaa zake wa Halorubrum, na Haloquadratum walsbyi, kiumbe bapa cha mraba ambacho A. E. Walsby alikieleza mwaka 1980 kutoka dimbwi la chumvi huko Sinai na ambacho hakikuoteshwa maabara hadi mwaka 2004.

Tunawaita bakteria kwa mazoea tu. Tangu kazi ya Carl Woese na George Fox ya mwaka 1977 wanajulikana kuwa arkea, ukoo mwingine kabisa. Kwa mtu wa ng'onda tofauti hiyo ina maana moja ya vitendo. Viumbe hawa hawaivumilii tu chumvi kama wengine, wanaihitaji. Wengi wao hawaoti chini ya asilimia 15 hivi, na Halobacterium akitumbukizwa katika maji matamu seli yake hupasuka. Kuongeza chumvi juu ya samaki aliyeanza kuwa mwekundu ni kumwongezea adui mahali pa kuishi.

Mkulima wa chumvi hana ugomvi nao. Maji mekundu hufyonza joto la jua zaidi ya maji meupe, kwa hiyo hukauka upesi. Anachokiogopa yeye ni ute: kuna bakteria wa kijani-buluu ambao maji yakiwa na mbolea nyingi hutoa mlenda mzito, na chumvi ikiganda ndani ya mlenda huo hutoka na punje ndogo, zenye mashimo, zinazopondeka kwa vidole. Punje za namna hiyo hazichuji. Hushika maji machungu kama sponji. Ukikutana na gunia lenye chumvi nyeupe inayopendeza lakini nyepesi kuliko ukubwa wake, jua ni hiyo.

Punje inapokua hufungia vipande vidogo vya maji ya chumvi ndani yake, na viumbe wekundu hubaki humo wakiwa hai kwa muda mrefu mno. Mlio wa kupasuka unaosikika chumvi ya mawe ikiwekwa juu ya karai la moto ni maji hayo yakigeuka mvuke. Gunia kavu kabisa kwa kuliangalia bado linaweza kuwa limewabeba.

Wakishafika juu ya samaki aliyetiwa chumvi, hukuta kila wanachotaka: protini, hewa, chumvi iliyokolea, na stoo ya mabati yenye joto la 35 mchana. Husaga protini, minofu ikawa laini na yenye ute, na harufu ya amonia ikachanganyika na ya yai bovu. Hawajulikani kumpa mlaji ugonjwa. Hasara yao ni ya soko: mnunuzi akiona wekundu anashusha bei au anaondoka.

Madoa ya kahawia yanayofanana na pilipili manga iliyosagwa ni jambo jingine. Hayo ni kuvu, Wallemia sebi, nayo hupenda unyevu wa hewa zaidi ya joto. Husuguliwa kwa brashi yakatoka, lakini ni dalili kwamba stoo haipitishi upepo.

Kulipima gunia kabla ya kulipa

Muuzaji atakwambia, "Mama, hii mpya kabisa, imetoka jana." Kwa chumvi ya ng'onda hiyo si sifa. Muulize imelala lundo muda gani. Iliyolala miezi mitatu au zaidi juu ya mbao, imefunikwa, imechujisha sehemu kubwa ya magnesiamu yake kwa sababu kloridi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewa, ikayeyuka na kudondoka chini. Hewa yenye unyevu wa asilimia 33 tu inatosha kuiyeyusha, wakati chumvi safi husubiri mpaka asilimia 75. Wekundu nao hupungua chumvi inapokaa kavu, hupungua tu, hawamaliziki.

Kwa mkono: chota konzi, bana kwa nguvu, achia. Chumvi inayofaa hutawanyika. Isiyofaa hubaki donge na kuacha vidole vikiteleza kana kwamba vimeshika mafuta; huo ni utelezi wa maji machungu. Onja punje moja nyuma ya ulimi. Uchungu ukibaki baada ya chumvi kuisha mdomoni, magnesiamu ni nyingi.

Kwa mzani: pima kilo moja, kausha kwa moto mdogo ukikoroga mpaka uzito usishuke tena. Ikipoteza zaidi ya gramu 50, unalipia maji. Hili wengi hulidharau, ilhali linaharibu hesabu ya pipa baadaye.

Kwa uchafu: yeyusha gramu 100 katika nusu lita ya maji ya mvua, acha usiku kucha, mwaga maji ya juu polepole, kausha kilichobaki chini na ukipime. Masalia ya kijivu ni tope la sakafuni, ya chenga ni mchanga, meupe ni jasi na chokaa. Jasi kidogo haina ubaya. Kalsiamu ya wastani hufanya minofu iwe meupe na imara. Masalia yakizidi gramu moja, gunia hilo linahitaji kuoshwa. Chumvi ya mwanzo wa msimu huwa na tope zaidi, kwa sababu masika hulainisha kuta za majaruba na mto Ruvu hushusha maji ya udongo mpaka pwani.

Maji yale yale ya juu, yakishachujwa, yapimie magadi. Yeyusha magadi safi kidogo katika maji ya moto, yachuje nayo, kisha yamimine ndani ya maji ya chumvi na yachemshe pamoja. Yakibaki angavu, kalsiamu na magnesiamu ni kidogo. Yakigeuka maziwa na kuacha unga mweupe chini, ni nyingi. Kipimo hiki hakitoi namba, ila ukikifanya kwa magunia mawili sambamba, kwa kiasi kile kile, kitakwambia lipi ni bora.

Kipimo cha wekundu huchukua siku, lakini kwa anayetaka kununua tani ndicho cha maana kuliko vyote. Chemsha vipande vyembamba vya samaki asiye na mafuta, changu kwa mfano, kwa dakika kumi. Kila kipande kiviringishe katika chumvi ya gunia moja, kiweke katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa ili hewa iingie, na uache mahali pa joto penye mwanga. Weka na chupa moja ya kulinganishia, yenye chumvi iliyokaangwa. Chunguza kwa wiki mbili. Gunia linalotoa wekundu siku ya nne au ya tano ni la kukataa au la kukaanga. Likivuka wiki mbili bila rangi, linunue.

Kuigeuza chumvi mbichi iwe ya kazi

Kosa la kawaida ni kuiosha kwa maji ya bomba au ya bahari. Lita moja ya maji matamu humeza gramu 360 za chumvi yako, na ya bahari zaidi ya gramu 300. Chumvi huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyokwishashiba, ambayo hayana nafasi ya kuyeyusha chumvi zaidi lakini bado huibeba magnesiamu na tope.

Kwa gunia la kilo 50 changanya maji safi lita 25 na chumvi bora kilo 9. Koroga, acha yatulie usiku, chuja kwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Mwaga chumvi mbichi kwenye chombo cha mbao au beseni pana la plastiki, mimina nusu ya maji, geuza kwa mwiko wa mbao kama dakika tano, chuja. Rudia kwa nusu ya pili. Maji ya kwanza yamwage mbali na kisima. Ya pili unaweza kuyatumia kuoshea mara ya kwanza gunia linalofuata. Lundika chumvi juu ya mbao zilizoinamishwa, funika kwa magunia, acha ichuje siku mbili, kisha anika. Ukiianika kwenye hewa nzito ya masika haitakauka, kwa hiyo kazi hii ni ya kiangazi.

Kuosha kunaondoa uchungu, tope na utelezi. Hakuui wekundu, kwa kuwa maji yaliyoshiba chumvi ndiyo makazi yao. Cha kuwaua ni moto. Weka chumvi kwenye karai la chuma lisilo na kutu, unene wa sentimeta mbili au tatu, geuza mpaka mlio wa kupasuka uishe kabisa, ipoe ikiwa imefunikwa. Hatushauri kukaanga gunia zima. Kuni zitagharimu kuliko chumvi. Wekundu huota juu ya ngozi na minofu palipo na hewa, basi kaanga ile tu itakayogusa samaki mwishoni, anapotoka pipani na kupakwa kabla ya kuanikwa. Hapo ndipo senti ya kuni inaporudi.

Ukubwa wa punje nao una neno. Mawe makubwa matupu huyeyuka polepole, na samaki mnene huanza kuoza karibu na uti kabla chumvi haijafika. Unga mtupu, ukiwemo ule wa pakiti, hufanya kinyume: hunyonya maji ya juu kwa ghafla, protini ya juu ikagandamana, chumvi ikazuiliwa kuingia. Mpasuaji huona samaki mkavu mzuri. Ndani yuko mbichi. Changanya sehemu mbili za chumvi ya mawe iliyopondwa hadi ukubwa wa punje za mchele na sehemu moja ya laini. Chumvi ya pakiti hufaa sana kuwa hiyo sehemu ya tatu.

Pipani

Hesabu ya chumvi si ya kukisia. Samaki kilo 10 ana maji kama lita 7 na nusu, na kuyashibisha kunahitaji chumvi kilo 2.7. Ndiyo maana kipimo cha kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 za samaki kimedumu: kinafikisha na kubakiza kidogo. Sasa rudi kwenye gunia lenye unyevu wa asilimia 10 na tope asilimia 3. Kilo 3.3 za chumvi hiyo kwa samaki kilo 10 zina chumvi halisi isiyofika kilo 2.9, na ukipunja kidogo tu umeshuka chini ya mstari. Chumvi chafu huonekana rahisi mpaka upige hesabu hii.

Kujua kama maji ya pipa yameshiba, usitegemee yai au kiazi. Yai bichi huelea maji yakifika asilimia 12 hivi, na kushiba ni asilimia 26. Alama ya kweli ni chumvi inayobaki chini bila kuyeyuka hata ukikoroga.

Mpasue samaki kwa mgongo, toa matumbo, matamvua na ile damu nyeusi iliyolala chini ya uti. Minofu ya samaki aliye hai haina bakteria. Wamo kwenye ngozi, matamvua na utumbo, na kisu kichafu ndicho kinachowahamisha. Suuza kwa maji matamu safi. Maji matamu humuua Vibrio parahaemolyticus, bakteria wa bahari ya joto anayeleta kuhara na ambaye hawezi kuishi bila chumvi. Usisuuze kwa maji ya ufukweni pale pale ngalawa zinaposhusha samaki, kwa kuwa humo mna damu, matumbo na yaliyotoka kwenye mitaro. Nyama yenye unene wa zaidi ya sentimeta mbili ichanje.

Tumia pipa la plastiki. Pipa la chuma lenye kutu huacha madini yanayochochea mafuta ya samaki kuchacha, na nguru au mkizi hugeuka manjano. Tandika chumvi chini, panga samaki ngozi chini, chumvi, samaki tena, wa mwisho ngozi juu, kisha ubao safi na jiwe lililooshwa. Maji yatakayojitoa yaache yawafunike. Kuna wanaopanga samaki kwenye lundo na kuacha maji yachuruzike. Kwa joto la Bagamoyo hatuoni faida yake. Viumbe wekundu wanahitaji hewa ili waote vizuri, na samaki aliyezama hawapi hewa hiyo. Wembamba siku moja hadi mbili, wanene siku nne hadi saba. Hongwe mkubwa mwongeze siku.

Maji ya pipa ya wiki iliyopita hayarudiwi. Chumvi iliyokung'utwa kwenye samaki nayo hairudiwi. Tukiulizwa chanzo kimoja kinachoeneza wekundu kuliko gunia baya lolote, tutataja kurudia chumvi: imeshapata protini, imeshapata wakati, na kila mzunguko huongeza idadi yao.

Kuna mambo mawili ambayo chumvi nzuri hailipi. Jodari na kibua waliokaa juani hutengeneza histamini, na sumu hiyo haiondolewi na chumvi, jua wala kuchemsha. Mlaji huwashwa, huvimba uso, huumwa kichwa. Barafu itangulie, tangu ndani ya chombo. La pili ni Staphylococcus aureus, bakteria wa vidonda vya mikono na puani, anayevumilia chumvi mpaka karibu asilimia 20. Samaki aliyetiwa chumvi nusu nusu ni mahali pake hasa, na sumu yake pia haiogopi moto. Mwenye kidonda mkononi asipasue. Ajabu ya kazi hii ni kwamba kinachoonekana, yaani wekundu, hakimdhuru mtu, na vinavyodhuru havina rangi.

Chanja, stoo na samaki aliyekwisha kuota

Akitoka pipani, msuuze haraka katika maji ya chumvi safi, mchuje, mpake ile chumvi iliyokaangwa, mwanike kwenye chanja ya wavu iliyoinuliwa kama mita moja. Usimwanike mchangani: upepo haupiti chini na mchanga una bakteria wake. Usiku mwingize ndani. Unyevu wa pwani ukipita asilimia 75, jambo la kawaida karibu kila usiku, hata chumvi safi huanza kunyonya maji. Yenye magnesiamu huwa imeshaanza tangu alasiri. Samaki wa siku tatu hadi tano za jua la kaskazi hushuka hadi karibu nusu ya uzito aliotoka nao kisuni.

Vyombo vioshwe kwa maji matamu, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kubana maji. Sugua ganda lote la chumvi litoke kwanza, kisha loweka saa moja. Halobacterium atapasuka. Halococcus, jamaa yake mwekundu, ana ukuta mnene na huvumilia, hivyo malizia kwa maji yenye dawa ya klorini na uanike juani. Kuta na sakafu ya stoo pia zioshwe. Stoo ya zamani inayonuka amonia ikiwa tupu huambukiza hata samaki wa chumvi bora.

Wekundu ukianza, ukiwa bado rangi nyembamba juu na minofu imara, samaki anaokoka. Mtoe mbali na wenzake, msugue kwa brashi katika maji matamu, asikae humo zaidi ya dakika chache, mchuje, mrudishie chumvi iliyokaangwa na umkaushe tena siku nzima ya jua. Minofu ikishakuwa na ute, au inachomoka vipande, mtupe. Kuchovya siki kidogo husaidia kuchelewesha, lakini hubadilisha ladha na wateja wa Tanga na Pemba hulitambua mara moja.

Chumvi ya pakiti imebaki. Sheria ya Tanzania inataka chumvi ya kula iwe na madini joto, na pakiti yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ndiyo ya jikoni. Chumvi ya mawe uliyoosha kwa utaratibu tulioueleza haina madini joto hata kama iliwekewa, kwa kuwa huyeyuka na kuondoka na maji. Isirudi kwenye sufuria ya nyumbani kwa mazoea. Anayetaka kuona kazi hii ikifundishwa kitaalamu, chuo cha uvuvi cha Mbegani, kilicho chini ya FETA, wakala wa serikali wa elimu na mafunzo ya uvuvi, kiko papo hapo Bagamoyo.

Kuhusu kununua, usinunue kwa debe. Punje zenye mashimo hujaza debe haraka na uzito ukawa mdogo, na chumvi iliyolowa hupima uzito usio wake. Njia pekee ya haki ni kilo, baada ya gunia kusimamishwa wima juu ya mbao kwa siku moja. Bei huwa laini msimu ukishakolea, miezi kadhaa baada ya masika, kabla mvua za vuli hazijayeyusha malundo yasiyofunikwa. Nunua wakati huo ya mwaka mzima, ilaze juu ya mbao zilizoinama zikiwa na mfereji wa kutolea maji, na mfereji huo usielekee upande wa stoo ya samaki.